Parrain ya Mutoto Wangu Anakulaka Kwangu Dimanche, Lundi Gari Yangu Inakufa

Yambo admin, yambo bantu bote ya page. Jina yangu ufiche muzuri, juu huku ku commune yetu ya Katuba bananijua na mudomo yangu, na kama bibi yangu anasoma hii atanijua tangu mustari ya kwanza. Niko na myaka trente-quatre, bibi mumoja, batoto batatu. Masomo niliachaka mu cinquième primaire, na masomo nayo haikunilombaka nirudie. Niko chauffeur. Asubui napelekaka batoto ya bantu ya quartier Makomeno ku masomo, saa sita ya midi nabarudisha. Njo kazi inatulisha ku nyumba. Mu gari batoto banaimba, miye nabachekesha, bamama yabo banasemaka gari yangu iko sawa fête ya kutembea.

Niko na rafiki. Nitamuita Parrain, juu njo yeye alishikaka mutoto wangu wa pili ku batême. Tulikomaa lupango kwa lupango, bankambo yetu bote balitumika ku treni ya chemin de fer. Yeye eko mécanicien. Kila dimanche kisha misa anakuya kula kwangu. Halombe ruhusa, anafunua chungu mwenyewe. Bibi yangu anamupikia sombe, majani ya mihogo, na makayabo, ile samaki ya chumvi, na miye namuambiaka siku moja nitamuandikisha ku commune sawa mutoto wa ine.

Basi, tangu mvua ianze, gari yangu ikashikwa na ugonjwa. Lundi asubui, kesho yake ya dimanche, naiwasha: inanguruma, inashuka, inatetemeka, inakufa. Naiwasha tena, ku rond-point inakufa tena, bantu ya nyuma banapiga klaxon na kutukana mama yangu, na mama yangu hana hata permis. Nilikuwa nakanyaga gaz sawa muntu anaponda sombe, juu isizime. Batoto banacheka. Lakini tunafika, mulango ya masomo ilishafungwa, na bamama bananipigia telefone.

Parrain alisema ni papillon, ile kamulango kanaingizaka mupepo mu moteur, ati ilizeeka sawa bwana yake. Namupelekea gari, ananituma nimutafutie mikate na maji ya baridi, nikirudia nakuta gari inatulia sawa mutoto mwenye kushiba. Namushukuru sana. Dimanche anakuya kula. Lundi, ugonjwa ule ule.

Mu ile mateso, na yeye akanunua gari. Akaniambia na huruma mingi kama yangu iko mugonjwa, abebe kwanza batoto, basipoteze masomo. Bantu ya page, ni miye mwenyewe nilimuonyesha milango ya bale bamama. Batoto balienda mumoja mumoja, na hawakurudia. Nilibakia na babili tu, mapasa ya mama mumoja wa Kasai mwenye kuuza manguo. Tunamuitaka Mama Mapasa.

Kisha échappement, ile bomba ya moshi, ikakatika. Parrain hakukuwa na wakati, alikuwa anazungusha batoto yangu. Nasemaka bado batoto yangu. Nikapeleka gari kwa muntu wa soudure. Huyu, mbele ya kuunga chuma, akafungua batterie, juu moto ya soudure inaweza kuharibisha akili ya gari. Akamaliza, akarudisha batterie, nikawasha. Ugonjwa ule ule! Nikaanza kuponda gaz yangu. Akanitosha mu kiti.

"Vieux, tosha muguu," akasema. "Hii gari haina ugonjwa. Ukitosha batterie, inasahau kipimo ya kupumua. Uiache ijifunze yenyewe."

Akazungusha ufunguo ku contact bila kuwasha moteur, akangoja. Akafunga, akangoja tena. Kisha akawasha na hakugusa kintu, mikono mu mifuko. Moteur ikapanda, ikashuka, ikatulia. Njo ile tu! Njo juu nisione ile nilikuwa natumwa kutafuta mikate.

Nilikuwa nafurahi mupaka aliponiuliza nani anafungua-fungua batterie yangu, juu écrou yake, ile chuma inakazaka batterie, ilikuwa inang'aa sawa sahani ya fête. Nikasema hapana muntu. Kisha nikakumbuka kila lundi radio inapoteza bastation, na saa ya gari inarudia ku zéro. Mutoto wangu mukubwa nilishamupiga makofi juu ya ile radio.

Dimanche Parrain akakuya, akakula, akasema anaenda kunawa mikono. Nikasimama nyuma ya rideau ya dirisha. Alifungua capot polepole, akatosha ufunguo ya écrou mu veste yake ya misa, akafungua batterie. Akangoja, anaangalia telefone na kucheka peke yake. Akarudisha. Mikono alinawa kweli. Akarudi, akaikala pa kiti yake, akaniuliza: "Mon frère, gari inaendelea namna gani?"

Miye mwenye kuchekesha bantu hata ku matanga, nilishika tu mwiko. Nilimuongezea makayabo.

Hajue kama najua. Bibi yangu sijamuambia, na mutoto akisikia klaxon ya parrain wake anakimbia bila viatu. Tangu ile siku nafanya mwenyewe sawa yule wa soudure, na gari inatulia. Lakini batoto balishaenda.

Leo midi Mama Mapasa akanishika mukono. Bamama benzake banamusifia Parrain kila siku. Akasema: "Papa, weye njo unamujua tangu butoto. Ni muntu naweza kumupa batoto yangu?"

Nikisema hapana, ataona ni wivu yangu. Na kusema kweli, mutoto wa benyewe Parrain hajamuacha mu njia hata siku moja, anaendesha muzuri. Nikisema ndiyo, namupa na bale babili na mikono yangu mwenyewe, na ku nyumba tutakula nini? Nikisema yote, mbele ya midi Katuba muzima itajua, na mutoto wangu ataniuliza parrain alienda wapi.

Nilimuambia aniache nilale kwanza. Usingizi inakataa. Kesho asubui atakuwa ananingoja ku mulango na bamapasa na masakoshi yabo. Bandugu, mutanicheka siku ingine, leo munishaurie: nikifika pale, nimujibu nini?