Rada ya Bi Rukia

Silikoni mbichi inanuka siki. Juzi fundi alikuwa anaziba dirisha langu hapa Bunju, harufu ikanirudisha nilipokuwa na miaka kumi, pimamaji mkononi, kwenye boti ya matanga ya Bi Rukia kule Mbezi Beach.

Baba alikuwa fundi madishi ya TV. Bi Rukia alimwita amfungie rada, imwonyeshe vyombo vingine baharini mvua ikifunga. Baba hakuwahi kufunga rada, na alimwambia hivyo.

"Si unapanda juu bila kizunguzungu? Basi mlingoti huo."

Bi Rukia alikuwa ameletewa rada mbili achague: moja ina mkono unaozunguka nje, nyingine imefunikwa kama hotipoti. Mie nilitaka ya mkono, watu waione ikizunguka. Baba akasema huo mkono utakula kamba za tanga. Hapo alikuwa sahihi, nisimnyime haki yake.

Kosa lilikuja kwenye kikalio, kile chuma cha kukalishia rada mlingotini. Alikiunda pale chini kimeinama, kama cha dishi. Nikakiwekea pimamaji, kipovu kikakimbilia pembeni.

"Baba, kimeenda upande."

"Neema, dishi likikaa flati linashika nini? Kunguru?"

Nikacheka. Labda ningesema tena, sijui. Akapanda, akafunga, akapaka silikoni.

Bi Rukia akawasha. Kioo cha rada kitupu, na mbele yetu meli ya mizigo imesimama.

"Fundi, mie na macho yangu haya mabovu naiona. Hii haioni?" Kisha akamwonea huruma. "Au imekuja mbovu?"

Nilimwomba Mungu, baba aseme ndiyo, ni mbovu. Jina lake lote la ufundi lilikuwa pale. Akanitazama.

"Sio mbovu, Bi Rukia. Nimeielekeza mbinguni, meli ziko chini. Mtoto aliniambia, sikumsikiliza."

Akapanda tena kukilaza kikalio, silikoni haijakauka.

Nyumbani mama aliuliza, "Baba Neema, imekubali?" Nikadakia kwamba rada ilikuwa mbovu. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mbovu nilikuwa mie."

Nilimkasirikia siku nzima. Namfichia aibu, yeye anaifunua! Nilichelewa kuona kwamba tangu siku ile Bi Rukia hakumwita fundi mwingine, hata kwa taa za ndani.

Juzi dirisha langu lilikaa upande. Fundi akasema, "Ukuta wako ndo umepinda, sista." Huenda kweli umepinda. Ila nilikaa nikimsubiri aniombe pimamaji, apime mwenyewe.