Likizo Niliyoiita Kupunguzwa Kazi

Kwanza nieleze hali ilivyokuwa, maana bila hiyo aibu yangu itaonekana ndogo kuliko ilivyostahili. Chuo kikuu nilikofundisha kilitupa sisi wafanyakazi wake likizo yenye malipo kila mwisho wa mwaka, mshahara ukiingia kama kawaida nasi tukiwa makwetu. Na kwetu ni Lufingo, ambako miaka ile viwanda vya chai vilikuwa vikipata wamiliki wapya na watu wakirudi nyumbani na barua za kupunguzwa kazi. Kila nilipofika likizo, kabla sijafungua sanduku, baraza ya mama ilijaa wazazi walioshika vyeti vya watoto wao, wakiamini kwamba anayefundisha chuoni ndiye anayechagua wa kuingia (sikuwa na uwezo huo, na sikuaminiwa nilipolieleza hilo).

Mwaka huo nilikuja na kitabu cha kumalizia, nikataka utulivu. Kwa hiyo jirani yetu aliponikuta sokoni Msasani, hapo hapo wilayani kwetu, akaniuliza, "Mwalimu, safari hii umetuletea nafasi ngapi?" nilimjibu kwa sauti ya chini, "Hakuna nafasi, mama. Hata mimi wamenipunguza."

Siku nne baraza ilikuwa tupu. Niliandika kurasa nyingi, nikajiona mwerevu. Mama peke yake ndiye niliyemwambia kweli, naye hakucheka. "Mwanangu, kaifute kauli hiyo kabla ya Jumapili," alisema. Mimi niliona Jumapili iko mbali.

Jumapili inayofuata Krismasi watu wetu huleta mazao kanisani, na baada ya ibada hunadiwa uani. Safari hii mzee wa kanisa alitangaza kwamba hakuna mnada: mazao yote ni ya mwalimu aliyepoteza kazi. Mikungu ya ndizi, mahindi mabichi na maharage vikarundikwa miguuni pangu (na walioleta ni wale wale wenye vyeti), kila mmoja akinipa mkono. Mwisho akaja Ambakisye, niliyesoma naye shule ya msingi, aliyekausha majani ya chai kiwandani tangu ujana wake hadi walipomwondoa mwaka huo huo. Alikuwa akimvuta kwa kamba ng'ombe wake wa pekee, mtamba.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nimeshazoea. Miezi ya mwanzo ndiyo inayouma. Huyu atakusogeza."

Watu wakaitikia, "Ndaga fijo!" wakimshukuru kwa niaba yangu. Hapo ningeweza kusema. Badala yake nilipokea kamba, kwa kuwa kuikataa kulihitaji maelezo, na maelezo yangekuwa marefu.

Ndipo mwanamke mmoja akapasua umati, nami nikamtambua: Tumpe, mpiga chapa wa idara yetu, mwenyeji wa Makandana, si mbali na kwetu, aliyekuja kusali na shangazi yake. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Mwalimu, wametupunguza lini?" alilia. "Barua za likizo nimezipiga kwa mikono yangu, yako na yangu, na tarehe ya kurudi ni moja! Kama wewe wamekutoa, mimi nitabaki?"

"Hakuna aliyetolewa, Tumpe," nilisema. "Niko likizo."

"Na mshahara?" akauliza mzee wa kanisa.

"Unaingia."

Kijana mmoja aliangua kicheko, lakini hakuna aliyemfuata. Ambakisye aliichukua kamba mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Mwalimu," alisema (si ndugu yangu tena), "mimi barua ile ninayo nyumbani. Ungeniomba nikuonyeshe, usingelitumia neno hilo."

Tangu hapo sijapata kulitaja jambo la mtu mwingine kama langu, hata kwa dakika moja. Mazao yalinadiwa alasiri ile ile. Desemba iliyofuata nilikaa barazani tangu asubuhi, tayari kuwapokea wazazi na vyeti vyao. Hakuja mtu.