Laptop ya 233 dhidi ya seva ya 200: nilivyompotezea Baba wiki tatu za macho

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mlio kitandani na simu.

Jana kwenye uzi wa jirani nimeona vijana wakibishana kama prosesa ya seva inaweza kuishinda ya laptop. Mmoja akasema angalieni namba tu, yenye namba kubwa ndiyo kali.

Nikacheka, halafu nikakumbuka. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, Voi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nitawaeleza yalivyonigharimu, bila kutia chumvi.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi ya shamba moja la mkonge. Nilikuwa nimepanga nyumba ya mabati Kaloleni, mtaa wa pale pale Voi.

Baba alikuwa ameteremka kutoka Mghange, kwetu milimani Taita, kuja kukaa nami kwa sababu ya macho. Presha ya macho. Daktari alisema ugonjwa huo haurudi nyuma, kilichobaki kitapungua mpaka kiishe. Si miaka, ni miezi.

Baba hakulia. Alisema tu angependa kuiona fighi mara moja tena.

Kwa wasiojua, fighi kwetu Taita ni msitu wa mila. Haikatwi, haiingiwi ovyo. Lakini ile ya utoto wake ilikatwa kabla sijazaliwa, na pale sasa pana miti ya mbao iliyojipanga mistari kama wanafunzi wa paredi. Kumpandisha milimani kusingesaidia. Alichotaka kukiona hakikuwepo tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuota mchana.

Nilikuwa na program moja ya kuchora kwa hesabu. Unaiandikia kilima kiko wapi, mti uko wapi, jua linatokea upande gani. Yenyewe inakokotoa mwanga, nukta moja baada ya nyingine, mpaka picha itoke. Nikawaza, kumbe naweza kumrudishia msitu wake.

Vimo vya vilima nilivitoa kwenye ramani, namba kwa namba. Mengine yote yalitoka kwa Baba.

Jioni tulikaa mlangoni, yeye akisimulia, mimi nikiandika. Mti wenye ndevu za kijani zinazodondosha maji hata kama mvua haijanyesha. Jiwe walilokalia wazee. Ukungu unaoanzia bondeni na kupanda polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

Kuna jioni nilisikia kabisa baridi ya majani mabichi miguuni, na mbele yangu palikuwa na vumbi jekundu la Voi tu. Sijawahi kuwa na furaha ya aina ile tena.

Sasa tuje kwenye mashine.

Laptop ya ofisi ilikuwa mpya, nyembamba kwa viwango vya siku zile, megahertz 233. Seva ilikuwa mtumba kutoka Mombasa, kubwa kama kabati la vyombo, inavuma kutwa. Ilikuwa na prosesa mbili, kila moja megahertz 200.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Athman, mtu wa Kaloleni ambaye babu zake walitoka pwani. Nilipomweleza picha ninayotaka kuchora, alisema:

"Mghoi mwanangu, kazi ya siku nyingi hiyo, ipe seva. Kutwa yasinzia, makarani watano tu waisumbua."

"Lakini Bwana Athman, hiyo ni mia mbili. Hii ni mia mbili thelathini na tatu."

"Namba hiyo yakwambia moyo wapiga mara ngapi. Haikwambii mtu aweza kubeba nini, wala atafika nacho wapi."

Nikamwona mzee wa kizamani. Nikaomba laptop, nikapewa, nikaenda nayo nyumbani.

Vumbi la Voi mnalijua. Linaingia hata kwenye chumvi. Nyumba nzima kila kitu nilikifunika: redio ina kitambaa, viti vina vitambaa. Laptop nayo, ikiwa inachora, nikaifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma Mama kwa mkono wake kabla hajatuacha. Niliona ndiyo heshima yake.

Siku ya pili, saa nane mchana, ikaganda. Program ile haikuhifadhi kitu mpaka imalize. Nikaanza upya.

Ikaganda tena. Nikaanza upya.

Wiki tatu zikaenda hivyo. Asubuhi moja nilimtazama Baba akimimina chai. Aliimimina yote mezani, pembeni ya kikombe, akaweka birika chini kwa utulivu kabisa. Nilijua wiki zile zimekula nini.

Nilienda kwa Bwana Athman nikilia. Akaja nyumbani. Alisimama mlangoni, akaitazama ile laptop iliyovaa kama bibi harusi.

"Umeifunika?"

"Vumbi, Bwana Athman."

Hakunicheka. Akakiondoa kitambaa taratibu, akakikunja, akanipa mkononi. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi.

Tukafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Tulichukua kipande kidogo cha picha ile ile, tukakipa kila mashine. Laptop bila kitambaa, mbele ya feni, ilichukua karibu saa nzima. Prosesa moja tu ya seva ilimaliza kwa nusu saa na ushee.

Prosesa ya laptop imeundwa iishi kwa betri, ndani ya kisanduku kisicho na hewa. Ile ya seva haina haraka ya kujionyesha. Ina ghala kubwa la kumbukumbu ubavuni mwake, kwa hiyo haiendi mbali kutafuta kila namba, na hesabu za desimali ndiyo chakula chake. Ina feni ya kweli na stima ya akiba.

Tukaigawa picha, nusu ya juu kwa prosesa moja, nusu ya chini kwa nyingine. Makarani waliendelea na kazi zao na hakuna aliyejua kwamba humo ndani kuna msitu unaota.

Siku ya kumi na moja, Jumamosi asubuhi, ilimaliza.

Nilimleta Baba ofisini nikiwa nimemshika mkono. Nikamkalisha karibu na skrini kiasi kwamba pumzi yake iliacha unyevu kwenye kioo. Msitu ulikuwa pale, wakuu. Miti yenye ndevu, jiwe, mwanga wa asubuhi, ukungu mdogo bondeni chini kabisa.

Akasogeza uso huku na huku.

"Weupe mtupu," akasema.

Nikafungua kinywa nimwambie ukungu uko chini tu, huko juu ni miti, hebu jaribu tena.

"Ukungu umeshapanda," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Baba, miti unaiona?"

"Mwanangu, saa ile hakuna mtu aliyeiona miti. Mtu alisimama tu, akajua imo."

Akavua kofia, akaiweka magotini.

Bwana Athman, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akatoka nje.

Wakuu, funzo langu ni dogo. Msiulize prosesa ina megahertz ngapi kabla hamjauliza ni ya kazi gani, itafanya kwa muda gani, na ni nani anayengoja. Mimi sikuuliza, na ile miti nimeiona mimi, si Baba.

Kitambaa cha Mama bado ninacho. Siku hizi kinafunika meza.

Mwenye kunisahihisha kwenye mambo ya prosesa anisahihishe. Na aliyewahi kuchelewa kwa sababu ya ubishi wake mwenyewe, naye aandike hapa chini, nitamsoma.