Mkono wa Shemeji

Mume wangu huchanganya manukato, na mimi nimechoka. Nasema wazi. Miaka ishirini anajaza chupa za wenzake, jina la mtu mwingine kwenye lebo. Safari hii katengeneza ya kwake, ya kiume, miezi minane juu ya meza yangu ya kulia, mpaka mkate ukawa unanukia mdalasini.

Kanifundisha, nitake nisitake. Ukijipaka, kwanza unasikia matunda: nanasi, tufaha, ganda la chungwa. Hayo yana kelele nyingi lakini hayakai. Ngozi ikipata joto, viungo vinaamka: iliki, pilipili manga, mdalasini. Baada ya saa nne tangu ujipake vimetulia, unabaki utamu kidogo wa vanila na harufu ya mti mkavu, na hapo ndipo watu wanageuza shingo.

"Ya mwanzo ni ya kuwaita watu," husema. "Ya mwisho ndiyo yangu."

Juzi ikawa zamu ya mnunuzi, mama mmoja mwenye maduka. Akiipenda, chupa zinaingia madukani kwa jina la mume wangu. Akiikataa, bwana anarudi kujaza chupa za watu. Angekuja saa sita mchana, na alikuwa na dakika kumi tu. Ngozi ya mume wangu haifai tena kwa kujaribia, imeshiba mafuta, kila kitu kinanukia sawa. Basi tukamwita mdogo wangu, kinyozi, akapakwa mkononi saa mbili asubuhi.

"Shemeji, usioshe, usiguse, usifanye lolote."

"Ah, shemeji! Kwani mimi mtoto?"

Saa sita yule mama akainamia ule mkono. Mume wangu kabana pumzi.

"Umeniambia vanila na mti," mama akasema. "Mbona nasikia nanasi tupu?"

Tukamgeukia mdogo wangu. Anatabasamu, mpumbavu yule!

"Niliona imefifia, shemeji. Nikaongeza kidogo hapo nje, usije ukaaibika."

Jamani! Nilitaka kumnyoa kichwa kwa meno. Mume wangu akamsihi mama asubiri, hata saa mbili tu. Mama akasema manukato ya matunda anayo tele, akaaga.

Mdogo wangu alijikunyata jikoni, kichwa chini. Saa kumi nikapita na sahani mkononi, nikasimama ghafla. Hasira zote zilinitoka, nikageuka kutazama ni mwanamume gani ameingia. Hakuna. Ni yule yule kinyozi wetu.

Mume wangu akaja, akaushika ule mkono, akaunusa taratibu kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Ndiyo hii," akasema.

Nikarukia simu nimpigie yule mama. Ikaita, ikaita.

"Acha tu, mke wangu," akasema, mkono wa shemeji yake bado kaung'ang'ania. "Hata akipokea, utamnusishaje kwa simu?"