Fody mwekundu alivyotoka mweusi kwenye picha yangu, Mahajanga enzi za Mfaransa

Wakuu, hamjambo humu? Leo bibi yenu nawaletea kisa changu mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mwishoni mwa utawala wa Mfaransa nilikuwa binti, nafanya kazi studio ya picha mtaa wa Tsaramandroso, mjini Mahajanga, nchi ya Wamalagasi. Mwenye studio, Mkomoro tuliyemwita Fundi, alitaka kufungua tawi Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, karibu na kiwanda cha sukari. Mama yangu aliishi huko. Niliitaka ile kazi mpaka nikakosa usingizi.

Fundi akaniambia, "Mwanangu, niletee picha ya fody niiweke dirishani. Mpita njia akimtambua bila kuambiwa, tawi ni lako."

Fody ni kadege kadogo. Kabla ya mvua, dume hugeuka jekundu kama pilipili. Mfaransa aliyaita majira hayo printemps, yaani machipuko, sisi tuliona joto tu.

Nikaenda Boanamary, nje ya mji, nikamvizia kichakani, nikampata vizuri kabisa.

Kusafisha picha, ndege mweusi tii!

Wakuu, filamu zetu tulizisafisha chini ya taa nyekundu kwa sababu zilikuwa haziuoni wekundu. Chochote chekundu kilitoka cheusi. Sisi kazi yetu ilikuwa picha za vitambulisho, nani angewaza ndege?

Dirishani watu wakasema, "Kunguru mdogo." Nililia, sioni haya kusema.

Fundi akanipa nafasi nyingine, lakini kwa filamu ya aina ileile.

Safari hii nikategesha kamera kwenye masuke ya mpunga, nikafunga uzi wa kufyatulia, nikakaa mbali juani. Fody akaja, akaning'inia kwenye suke, mdomo umejaa.

Akatoka mweusi vilevile. Fundi akakunja uso, lakini akaitundika.

Asubuhi akapita mama mmoja na kapu kichwani. Akasimama, akakipiga kioo kwa kiganja, akafoka kwa Kimalagasi, "Fody! Mwizi wewe, mpunga wangu wote umeumaliza!"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanikabidhi funguo za Dzamandzar. Jamani, furaha niliyokuwa nayo!

Nilichojifunza: mwache kwanza mtu afanye yake, ndipo ubonyeze. Mama yangu nilimpiga picha anachambua mchele, hana habari. Katika zote nilizompiga, ni hiyo tu aliyoiangalia akasema, "Huyu ndiye mimi."

Haya, nyie wenye simu za kamera tatu, ndege gani aliwahi kuwatesa? Tiririkeni hapo chini, nasoma zote.