Shemeji aliweka drone Sport mode, akanirudishia rimoti bila kusema, mwali yuko mabegani

Wakuu habari zenu. Na wakuu wa kike pia, maana tupo humu, hata kama kila tukiandika mnatujibu "kaka".

Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Aliyeumia yupo, ni mzima, na nimempigia simu leo asubuhi kumwomba ruhusa. Kaniambia, "Andika yote, Anti."

Basi naandika yote. Hasira bado ninayo, mtanivumilia.

Mimi ni Ke, mtumishi, naishi Kibaha na mume wangu. Kwetu ni Songea. Yeye kwao ni Kisarawe, Mzaramo wa kuzaliwa na kukulia hukohuko.

Drone nilinunua kwa hela yangu. Vibali nilihangaikia mpaka viatu vikaisha soli, kwa hiyo wale wa "una kibali?" leo wapumzike.

Kwa wasiojua haya mambo: kwenye rimoti ya drone yangu kuna swichi ndogo yenye nafasi tatu. C, N na S.

C ni Cine. Inakwenda polepole, ukigusa stick, kile kijiti cha kuongozea, inasogea kwa adabu.

N ni Normal. Mwendo wa kawaida, na sensor zinafanya kazi, ikiona mti mbele inasimama yenyewe.

S ni Sport. Inakimbia balaa. Na ikiwa humo, sensor zote za kuona vizuizi zinalala. Haioni mti, haioni ukuta, haioni mtu. Ukiachia stick haisimami papo hapo, inateleza kwanza mbele.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ya kwanza, na inawahusu ninyi.

Nilipouliza humuhumu kwamba mtu anayeanza aanze na mode gani, mlinijibu nini? "Anza na Sport uzoee mapema." "Cine ni ya mabibi." Kuna mmoja akasema anayerusha kwa Normal ni sawa na anayeendesha gari huku kavuta handbrake, na mkampa likes za kutosha.

Aisee. Unamshauri mtu usiyemjua awashe kitu kisichoona watu, halafu unacheka?

Niliwapuuza. Nikaanza na C.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naenda kiwanja cha shule karibu na nyumbani, kabla wacheza mpira hawajafika. Napandisha, nasogeza mbele, narudisha, nashusha. Basi. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Nilihamia N pale tu nilipoona naweza kuirudisha miguuni pangu bila kuangalia vidole.

S niliijaribu mara moja, Gwata, shambani kwa rafiki yangu ambaye alishavuna mahindi, hakuna mtu wala mbuzi. Nikasukuma stick, nikaachia. Drone ikaendelea na safari zake mpaka ikavuka mpaka wa shamba. Niliishusha harakaharaka.

Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikarudisha swichi kwenye C na nikasema S tumeachana.

Tuje kwenye tukio lenyewe.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana binti anaitwa Mwanaidi. Kamaliza kidato cha nne. Kwao bado wanaheshimu mila, kwa hiyo binti aliwekwa ndani akafundwa, na ikapangwa siku ya kumtoa mwali.

Mimi mtu wa Songea, hizi shughuli nimezikuta ukubwani na nazipenda. Siku ya kutoka, mwali anapambwa, anapandishwa mabegani, ngoma inapigwa, watu wanacheza na kumtunza hela. Wa kumbeba alikuwa mume wangu, mjomba wake.

Lakini mwali haangalii mtu. Amefundishwa macho chini, asicheke, asishtuke, asigeuke hata aitwe jina. Somo wake, yule mama aliyemfunda, hana mchezo kwenye hilo. Mwali akiinua macho, aliyeaibika ni somo.

Wiki ya shughuli niliingia ndani kumsalimia. Akaniambia kwa sauti ya chini ili somo asisikie:

"Anti, siku yangu mwenyewe mimi sitaona kitu. Nirekodie na hicho kindege chako, nije nione."

Nikamwahidi. Wakuu, hiyo ndiyo kazi pekee niliyoenda nayo Kisarawe. Sikwenda kujionyesha, sikwenda kutafuta viewers. Nilikwenda ili mtoto aje aione siku yake.

Siku ikafika. Nikasimama pembeni, swichi iko C, narekodi kwa utulivu. Akina mama jikoni na masufuria ya pilau. Wapiga ngoma wanakausha ngoma zao kwenye moto. Wazee na kanzu zao. Drone iko juu, imekaa upande, haipiti juu ya kichwa cha mtu.

Ndipo akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Kanzu nyeupe, miwani ya jua.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Hii mbona inatembea kama kobe? Lete nikuonyeshe."

Nikamwambia, shemeji samahani, nina kazi ya mwali, nikimaliza nitakuelekeza taratibu.

Akacheka kwa sauti watu wasikie. "Nielekezwe na wewe? Mimi video za hivi vitu naangalia kila siku."

Nikashikilia rimoti yangu.

Sasa ninyi mlioolewa ukweni mnaelewa. Shughuli ni ya kwao, uwanja ni wa kwao, kaka mkubwa ndiye kasimama kama baba. Wifi akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Wifi, mpe bwana shemeji yako. Usitutie aibu leo mbele za watu."

Nikampa. Moyo ukagoma, mikono ikampa. Mkwe hana ubavu wa kumnyima mtu kitu uani kwao.

Jambo la kwanza alilofanya ni kusukuma ile swichi. Drone ikaondoka kwa mlio, ikapita juu ya minazi, ikaenda huko, ikarudi, vijana wakashangilia. Yeye akawa kanyanyua kidevu kama rubani wa ndege ya abiria. Mimi namwambia "shemeji taratibu", ananiambia "tulia, mama".

Mara vigelegele vikalipuka ndani. Mwali anatoka.

Akanisukumia rimoti mkononi. "Haya shika, mwali huyo." Akakimbilia mbele kwenda kutunza.

Hakusema neno. Hakusema ameigusa swichi, hakuirudisha alipoikuta. Unaazima jembe la mtu, unarudisha limevunjika mpini, halafu unanyamaza?

Mimi nikamwona Mwanaidi anatokea juu ya mabega ya mume wangu, amependeza, macho chini. Nikapata kiherehere, nikachukulia swichi kairudisha C. Drone ilikuwa mbele yao, mbali kidogo, urefu wa paa la banda. Shot niliyoipanga wiki nzima ilikuwa isogee polepole kuelekea kwao, isimame mbali, halafu ipande.

Nikagusa stick kama ninavyogusa siku zote kwenye C.

Ikaruka mbele kama imetumwa.

Nikaachia. Haikusimama. Nikavuta nyuma na kuipandisha kwa pamoja, na bado inateleza inakwenda.

Watu wote wakainama. Wapiga ngoma wakaacha ngoma. Mume wangu hakuweza kuinama, maana akiinama mtoto anaanguka, na mikono yake yote imeshika miguu ya mwali. Akageuza bega lake ili apokee yeye.

Mwanaidi yeye hakufanya chochote. Kafundishwa asishtuke. Macho yake yalikuwa chini, na mpaka kitu kinamfikia hakuwa anajua kuna kitu kinakuja.

Panga linalozunguka la drone likamkwangua bega, likachana mtandio, drone ikaangukia kwenye mihogo.

Hata hapo hakuinua macho. Damu inatoka, yeye macho chini. Nilipofika kwake nilikuwa nalia, yeye halii.

Tulimkimbiza zahanati, akashonwa. Mhudumu alisema ingekuja juu kidogo tu tungekuwa tunazungumza habari za jicho. Hayo maneno nalala nayo na kuamka nayo.

Jioni wakaitisha kikao cha familia. Shemeji ndiye akafungua, kanzu kashabadilisha.

"Nilisema toka mwanzo. Mwanamke na chombo kile, wapi na wapi?"

Nikasema, "Shemeji, rimoti ulinirudishia ikiwa kwenye S."

"S ndiyo nini? Mimi nimeirusha vizuri, watu wote wameona. Aliyemgonga mtoto ni nani?"

Watu wakanigeukia. Kweli vidole ni vyangu.

Mume wangu akajaribu. "Kaka, huyu namwona akifanya mazoezi kila wiki, hajawahi..."

"Mdogo wangu, wewe umeoa au umeolewa?"

Akarudi kukaa. Sikumlaumu, ila niliumia.

Ikaamuliwa nilete doti ya khanga kwa wifi na nimwombe shemeji radhi kwa kumjibu mbele za watu. Eti yeye ndiye wa kuombwa radhi!

Khanga nilileta, kwa mkono wangu, nikampa Mwanaidi. Nikamwomba yeye msamaha, na mama yake, kwa sababu kabla ya kugusa stick nilitakiwa niisome swichi na sikuisoma. Hilo ni langu na silikimbii.

Shemeji sikumwomba kitu. Tukaondoka Kisarawe bila kuagana naye, na maneno yakaanza kutembea kwamba mke wa watu kutoka Songea hana adabu.

Drone ilivunjika mkono mmoja, lakini kadi ya video ilikuwa nzima.

Siku za kwenda kutolewa nyuzi, Mwanaidi na mama yake wakaja kukaa kwetu Kibaha. Akaniuliza, "Anti, ile siku yangu ipo?"

Nilitaka kusema haipo. Mume wangu akasema mwonyeshe, uliahidi.

Tukaweka kwenye TV. Ile sehemu ya kwanza ya C alifurahi mno. "Yule bibi! Kumbe alikuja!" Anawataja mmoja mmoja, mama yake anacheka na chai mkononi.

Halafu ikaja sehemu ya kukimbia. Minazi, mabati, mawingu, minazi tena. Mwanaidi akauliza, "Hapa ndiyo nini?"

"Hapo alikuwa anarusha mjomba wako mkubwa."

Halafu akajiona mwenyewe. Mabegani, kapambwa. Akaweka mkono mdomoni. "Ndiyo mimi huyu?"

Na picha ikaanza kukimbia kumfuata. Nikataka kuzima, akanizuia. Watu wakainama, mume wangu akageuza bega, ikaisha.

Akasema, "Rudisha nyuma kidogo, Anti."

Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha tena. Akainuka, akaenda kuweka kidole kwenye TV, pembeni kabisa, penye kanzu nyeupe.

"Mbona Mjomba mkubwa kalala chini kabla ya watu wote?"

Wakuu, tukaangalia upya. Ni kweli. Wapiga ngoma bado wanapiga. Akina mama bado wanacheza. Drone ndiyo kwanza inaanza kusogea, bado iko mbali, hakuna hata mmoja aliyeiogopa. Yeye peke yake kaitupia jicho na tayari yuko chini, mikono kichwani.

Kwa nini alale peke yake? Kwa sababu pale uwanjani ni yeye peke yake aliyejua ile drone iko mode gani.

Akamwacha mtoto juu, ambaye haruhusiwi hata kuinua macho.

Wifi akaweka kikombe cha chai chini. Kisha akachukua simu.

"Kaka, shikamoo. Njoo Kibaha, kuna kitu nataka ukiangalie na mimi niko hapohapo."

Mpaka naandika uzi huu hajaja. Mara gari bovu, mara mguu unauma.

Niliyojifunza ni haya. Kama unaanza, kaa C mpaka ikuchoshe, na anayekucheka mwambie aje asimame mbele ya drone yake yeye ikiwa S. Rimoti ikitoka mkononi mwako hata kwa dakika moja, ikirudi soma swichi kwanza, hata kama aliyekurudishia ni baba mkwe. Na mimi kuielekeza drone kwa mtu, hata polepole, hata kwa shot nzuri namna gani, nimeacha.

Uwanja ni wenu. Nikosoeni, niulizeni, nitukaneni mkitaka.

Ila wewe unayekuja kuniandikia kwamba drone si ya wanawake, anza kwanza kwa kujibu swali la Mwanaidi.