Mkataba Wangu Umekwama kwa Wajomba

Jamani, naandika haraka haraka, nikikosea kuandika mnisamehe.

Kazi yangu mnaijua, kuunganisha kampuni za teknolojia na wawekezaji. Leo saa kumi jioni mteja wangu Zuhura alikuwa auze asilimia sitini ya kampuni yake ya programu za simu kwa wawekezaji wa Dar.

Asubuhi akasema twende kwanza kwao Mkuyuni, wazee wabariki.

Kufika tu, nikamfuata baba yake. Shikamoo, halafu nikamweleza hisa zote mpaka mwisho. (Mluguru mzima mimi!)

Mzee akacheka. "Mwanangu, mimi hapa nimeoa tu. Mwenye mtoto yule pale."

Yule pale ni mjomba wake Zuhura, kaka wa mama yake; kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Alikuwa ameshanuna.

"Kijana, wa wapi wewe, hujui mjomba ni nani?"

"Matombo, mzee."

"Na mjomba wako nani?"

Mjomba wangu alikataa kunisomesha. Nilijisomesha kwa kuuza ndizi, na tangu nipate kazi sijakanyaga kwake.

Nikamtaja. Kumbe ana namba yake! Akampigia palepale, akaweka spika.

Zuhura akaninong'oneza, "Mjomba akikataa, sisaini."

"Huyo namfahamu," sauti ya mjomba wangu ikasema. "Aje kwanza anisalimie. Nikishamwona ndiyo nitakwambia kama ni mtu wa kuaminika."

Sasa hivi niko njiani kwenda Matombo. Wawekezaji wameshapita Kingolwira, wanakaribia mjini kusaini.

Miaka yote hii nimejitapa kwamba sina haja naye. Nikishasema shikamoo, niendelee na nini?